Mguu wa Mulei na Ushahidi wa Mke Mwenza

Jumanne, tarehe 12 Machi 1985, saa tatu asubuhi, wake wawili wa Kisilu wa Matiliku walipeleka watoto zahanati ya serikali kuchanjwa kifaduro. Watoto wote wawili walienda wakitembea. Mulei, mwana wa Muthoki, alirudi amebebwa. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelegea.

Hadi Agosti haukuwa umepona. Kila asubuhi Muthoki alimwona Nthenya, binti wa mke mwenzake Mbula, akifukuza kuku uani.

"Chanjo moja, siku moja," alimwambia Kisilu. "Mtoto wake anakimbia, wangu anaburuta mguu. Mbula ameniroga. Na ale kithitu!"

Kithitu ni kiapo cha Wakamba. Wazee walikubali kukileta tarehe ishirini mwezi huo. Baada ya hapo, walisema, familia ingoje miezi saba ione nani atadhurika kwa kuapa uongo.

Jirani yao Ndolo, karani mstaafu wa mahakama, alihesabu kwa vidole.

"Mtafika Machi tarehe ishirini. Mtakuwa mmechelewa. Kushtaki serikali kwa madhara, sheria inatoa miezi kumi na miwili tu tangu siku ya tukio. Na kwanza Mwanasheria Mkuu apewe notisi ya siku thelathini."

"Kwani chanjo ni mbaya, mzee?" Kisilu aliuliza.

"Nthenya si mzima? Chanjo inazuia ugonjwa. Labda kosa ni la mkono uliodunga. Nani aliona sindano ikiingia?"

"Mimi niliangalia kando," Muthoki alisema. Kisha kwa shida: "Mbula ndiye aliyemshika Mulei."

Alikwenda kwa Mbula, akabaki mlangoni.

"Mama Nthenya, Mulei alidungwa wapi?"

"Eh! Leo mimi si mchawi tena?"

"Nijibu tu."

"Wangu alidungwa pajani. Wako alidungwa takoni, karibu na katikati. Mguu ukaanguka hapo hapo."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza? Ulikuwa unahesabu hatua za binti yangu."

"Utasema hayo kortini?"

"Nitasema. Mulei hajanikosea."

Kiapo kiliachwa. Daktari wa hospitali kubwa alimpima Mulei, akaandika kwamba mshipa wa fahamu uliumizwa na sindano. Wakili alipeleka notisi Oktoba, na Kisilu akashtaki kwa niaba ya mwanawe Januari 1986. Kadi ya kliniki ilionyesha tarehe. Mbula alionyesha mahali.

Juni 1987 hakimu aliamua Mulei alipwe fidia. Muthoki mwenyewe alimpeleka Nthenya kumalizia chanjo zake, akadungwa pajani.

Jumatatu, tarehe 4 Januari 1988, Mulei alivaa kiatu chenye vyuma kilichonunuliwa kwa fidia hiyo, akaenda shule ya nasari kwa miguu yake.