Figo ya Mjomba Munene

Watoto wengine wa Kerugoya walipokuwa wangali wamejikunyata vitandani kwa baridi, Nyawira alikuwa amekwisha kuvaa sweta nzito. Kila Jumanne na Ijumaa, yeye na mama yake walikwenda hospitalini Nyeri ili aunganishwe na mashine ya kusafisha damu, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimeshindwa na kazi hiyo. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mashine iliponguruma, yeye aliwategea wauguzi vitendawili. Waliposhindwa, aliwadai mji. Mmoja alimpa Sagana, mwingine Nanyuki, hata wakasema msichana huyo amekwisha kumiliki miji yote ya Mlima Kenya.

Mjomba wake, Munene, alikuwa muuzaji wa mchele Wang'uru. Ndiye aliyejitolea kumpa figo moja.

"Mungu alinipa mbili," alisema akicheka, "na hiyo ya pili imekaa tu, haina kazi!"

Vipimo vilionyesha kwamba figo yake ingemfaa mpwa wake. Lakini korona ilipoingia nchini, hospitali ya Nairobi, ambako angepandikizwa figo hiyo, ilisimamisha upasuaji. Vitanda vilijaa wagonjwa waliokosa pumzi, na madaktari hawakutaka kumlaza mtoto dhaifu karibu nao. Miezi ikapita. Hatimaye Daktari Mbeti wa hospitali hiyo akapiga simu: njooni, upasuaji ni Jumatatu. Munene akapimwa korona, akaonekana hana.

Jumamosi Munene alifika na mchele wa pishori, ule unaonukia. Walikaa uani, wote wakiwa na barakoa, na Nyawira aliwekewa kiti chake mbali kidogo, kama daktari alivyoagiza. Mama alipoingia kufungasha nguo za safari, Munene aliachiwa sufuria ya wali jikoni pale nje. Akakaa kando ya sufuria, akisimulia hadithi juu ya hadithi.

"Wali unaungua!" Shiro, mdogo wake Nyawira, alipiga kelele kutoka ndani ya nyumba.

Kweli, harufu ilikuwa imetanda ua mzima. Munene aliruka, akafunua sufuria, akaangua kicheko. Nyawira hakucheka. Huyu ndiye mjomba aliyeweza kufumba macho akautambua mchele kwa kuunusa tu.

"Mjomba, hukusikia harufu?"

Munene aligeukageuka, kisha akashusha sauti. "Tangu jana sisikii harufu yoyote. Ni mafua tu, mpwa wangu. Tusimwambie mtu. Tukisema, wataahirisha tena, na wewe umeteseka vya kutosha."

Maneno hayo yalimwingia Nyawira kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Alizifikiria sindano. Alilifikiria dawati lake shuleni lililokaa tupu. Kunyamaza kungekuwa rahisi sana! Lakini alipomtazama mjomba wake, aliona jasho likimtiririka.

"Na wewe je, ukipasuliwa hali unaumwa?" aliuliza. "Hapana, Mjomba. Nitamwambia Mama."

Mama aliposikia, aliketi juu ya mkoba wa nguo. Kisha akampigia daktari simu.

Munene alipimwa tena. Alikuwa na korona. Nyawira, Shiro na mama yao walipimwa pia, wakaonekana hawana, lakini upasuaji ukaahirishwa. Nyawira alilia mpaka mto ukalowa. Huko Wang'uru, Munene alijitenga chumbani, akakohoa hata kupanda kitanda kukawa kama kupanda mlima.

"Nyawira," alisema kwa simu, akihema, "ningekuwa kwenye meza ya upasuaji na kifua hiki, ningekwenda moja kwa moja. Nisamehe."

Alipona. Daktari alisubiri mpaka mapafu yake yapate nguvu kabisa, ndipo akawaita tena. Safari hii kila kitu kilikwenda sawa. Nyawira alipofumbua macho, muuguzi alikuwa akishangilia kando ya kitanda, amenyanyua mfuko juu kama kombe la mpira.

"Mkojo! Tazama, figo inafanya kazi!"

Siku chache baadaye, Munene alikuja polepole, ameshika tumbo. Daktari Mbeti alikuwepo.

"Mtoto aliyepandikizwa figo," daktari alieleza, "hupewa dawa za kupunguza kinga, mwili usije ukaikataa figo hiyo. Korona ingemkuta Nyawira hana ngao. Bwana Munene, ulificha kwa sababu unampenda, lakini siri ya ugonjwa haina upendo ndani yake. Yeye alisema ukweli ingawa ulimuumiza. Ukweli huo umetuchelewesha, ndiyo, lakini nyote wawili mko hai. Kawia ufike."

Munene aliinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekosa hesabu. "Nimekubali, Daktari. Basi nidaini adhabu yoyote, ila msinidai figo ya pili!"

Nyawira alicheka mpaka mshono ukamuuma.