Mikono Iliyoshuka Pamoja

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya kutoka ikishalia, wanafunzi wa klabu ya Kijapani hubaki shuleni kwao Mbagala. Hufagia darasa, hufunga dirisha la upande wa sokoni ili kupunguza kelele za wauza mitumba, kisha humsubiri Mwalimu Mwanaheri.

Mwalimu huwafundisha kwa mkono. Katika Kijapani kila neno lina mahali sauti inapopanda na mahali inaposhuka, kwa hiyo yeye hutamka huku kiganja chake kikipanda na kushuka hewani, nao humfuata. "Sakana", yaani samaki, mkono hupanda kwenye "ka" na kubaki juu mpaka mwisho. "Midori", yaani rangi ya kijani, mkono huanzia juu ukashuka papo hapo.

Wiki moja mwalimu alikwenda Kigamboni kumuuguza mama yake. Alimwachia Munira wa darasa la sita ufunguo wa kabati lenye kiredio cha flashi. Ndani yake mlikuwa na sauti za Wajapani wakisoma maneno yote.

"Wewe ndiye mkubwa wao," alimwambia. "Wasikilize kiredio kwanza, ndipo mkono. Nikirudi nitachagua wa kuwaongoza siku ya wazazi."

Kusikiliza! Munira huyo? Alikuwa ameshatazama katuni mbili tatu za Kijapani, basi akajiona kazaliwa Tokyo. Kabati hakuligusa. Alisimama mbele, kidevu juu, rula mkononi, akawapa wenzake mkono wa kubuni. Kila neno alilitamka kama Kiswahili chake cha nyumbani, akalikaza karibu na mwisho na kuliangusha. Tena kwa sauti ya puani, ati ndiyo Kijapani chenyewe!

Mkono mmoja tu haukushuka. Ulikuwa wa Brightson wa darasa la nne, aliyehamia mjini mwaka ule.

"Dada Munira, kwenye sakana mwalimu hakushusha mkono. Ulibaki juu."

"Nani kakuuliza? Kiswahili chenyewe unaongea kama unatafuna gunzi, leo unifundishe mie Kijapani? Toka mstarini! Siku ya wazazi utakaa nyuma upige makofi."

Darasa likaangua kicheko. Brightson akaenda kukaa nyuma. Alikuwa ameshamwambia mama yake aje amwone jukwaani.

Ndipo Tunu, mdogo kuliko wote, akauliza, "Na hili neno jipya, inochi, yaani uhai, linashuka wapi?"

Munira hakulijua. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake, na kabati lilikuwa nyuma yake.

"Pale pale, kama mengine," akajibu bila kupepesa macho.

Alhamisi iliyofuata mwalimu alirudi.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Haya, nionyesheni."

Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma jirani, hata sauti zao hazikumfikia vizuri pale mlangoni. Lakini mikono aliiona. Ilipanda na kushuka pamoja, neno baada ya neno, kama watu wanaotwanga kisamvu. Midori ikatwangwa. Sakana ikatwangwa. Inochi nayo ikatwangwa. Nyuma kabisa, mkono mmoja uliofichwa pajani ulikwenda njia yake.

"Mkono huu mmeutoa wapi?"

"Hawashiki, mwalimu," Munira akawahi. "Nimewafundisha vizuri, vichwa vyao tu ndio vigumu. Hasa huyu Brightson."

Mwalimu alimtazama kama mtu anavyomtazama nzi aliyeangukia kwenye chai.

"Vichwa vyote hivyo vigumu, vikakosea mahali pamoja? Lete ufunguo."

Kiredio kilikuwa vile vile alivyokiacha, kimefungwa kwenye kitambaa chake, na fundo halijaguswa.

"Munira, kule madrasa unamsomea ustadhi aya ambayo hujamsikia akiisoma?"

"Hapana, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Nitakosea. Ni dhambi."

"Na kuwadanganya watoto hawa si dhambi? Mungu kakupa masikio, umeyafanya ya kutundikia hereni. Aliyesikia vizuri ukamfukuza, kisha ukamsingizia."

Munira akaanza kulia.

"Machozi hayo hayamfundishi mtu," mwalimu akasema. "Brightson, njoo mbele. Munira, kakae alipokuwa amekaa yeye."

Siku ya wazazi Brightson aliwaongoza wenzake, na mama yake alipiga vigelegele mpaka mwalimu mkuu akacheka. Munira alisimama mstari wa nyuma, akifuata mkono wa mtoto aliyefukuzwa naye mstarini.

Jumanne yake Tunu alikuja na swali jingine. "Dada Munira, namida, yaani machozi, linashuka wapi?"

Darasa zima likageuka kumtazama.

"Sijui," Munira akasema. Kisha akainuka, akamwomba mwalimu ufunguo, akaenda kabatini kuleta kiredio.

Mwalimu Mwanaheri aliweka chaki chini. "Mmemsikia? Anayekiri kwamba hajui hufundishika, na siku moja atafundisha. Anayejifanya anajua huwapotosha na waliomwamini. Haya, mikono chini wote. Masikio kwanza."