Maji ya Mtungi wa Mlangoni

Kila Jumamosi, Kiduchu na shangazi yake walifagia kanisa, wakapanga mabenchi, kisha wakajaza mtungi wa maji ya kunywa uliokaa mlangoni. Kiangazi walichota maji bombani. Masika bomba liliziba kwa tope, wakachota kisimani, na maji ya kisima hayakunywewa kabla ya kuchemshwa.

Jumamosi moja ya masika, shangazi aliamka na homa.

"Leo utakwenda peke yako, mwanangu. Yachemshe mpaka yatokote."

Kuni zilikuwa zimelowa. Kiduchu alipuliza moto mpaka machozi yakamtoka, lakini aliambulia moshi tu. Akayatazama maji. Yalikuwa meupe, hayana hata kijiti. Akayamimina mtungini.

"Umeyachemsha?" shangazi alimuuliza aliporudi.

"Nimeyachemsha."

Jumapili watu walikunywa baada ya ibada. Babu Kengele, mzee aliyepiga kengele ya kanisa, alikunywa vikombe viwili. "Kengele naipiga kwa mkono, lakini koo ndilo linalokauka!" alitania.

Kufikia Jumanne watu tisa walikuwa wakiharisha na kutapika. Babu Kengele ndiye aliyezidiwa.

Kiduchu alipofika zahanati kumjulia hali, alikuta waumini wamemzingira mama muuza mikate, aliyeuza nje ya kanisa.

"Mikate yako imetumaliza!" mwalimu wa kwaya alifoka.

"Jamani, hata wanangu waliila. Mbona wazima?"

"Wazima kwa sababu wewe ndiye unayejua uliweka nini!"

Muuguzi alitoka nje. "Makelele hayatibu. Nani anajua watu hawa walikula au kunywa nini?"

Wote wakamtazama mama muuza mikate. Kiduchu akakumbuka kwamba alasiri hiyo kungekuwa na maombi ya wagonjwa kanisani, na mtungi ulikuwa bado mlangoni, umejaa nusu.

"Si mikate," alisema. "Ni maji ya mtungi. Sikuyachemsha."

Muuguzi hakumgombeza. Alimtuma mtu mbio akamwage yale maji, akawaita wote walioyanywa waje kupimwa. Tangu siku hiyo hakuongezeka mgonjwa, na waliolazwa wakapona mmoja mmoja.

Babu Kengele peke yake hakupona. Alizikwa Ijumaa, mvua ikinyesha.

"Shangazi, Mungu atanisamehe?" Kiduchu aliuliza walipotoka makaburini.

"Atakusamehe. Nami nimekusamehe. Lakini msamaha haumrudishi Babu, na hilo utaishi nalo. Kushindwa kuwasha kuni zilizolowa si dhambi, mwanangu. Ungesema 'nimeshindwa,' tungeshinda na kiu siku moja, basi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ulificha, akafa mtu. Uliposema kweli, wengine wakapona. Siku nyingine useme mapema, hata kama unaona haya."

Kiduchu alijifuta machozi.

"Haya," shangazi alisema, akimshika mkono, "twende kwa mama muuza mikate. Wateja wamemkimbia. Ukamwombe radhi mwenyewe, mimi nitasimama nyuma yako."