Yoga Haipimwi kwa Tepu

Kwa Mama Fundi, kila kitu kilipimwa. Alipima viuno vya wateja. Alipima mabega ya maharusi. Hata pazia la jirani alilipima kwa macho akipita dirishani. Tepu ilikaa shingoni mwake kutwa nzima. Binti yake alidai mama alizaliwa nayo, wakunga wakadhani ni kitovu.

Binti huyo walimwita Kidomo. Sababu umeshaiona.

Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Kulikuwa na meza ya kukatia, pasi na cherehani mbili. Moja ya Mama Fundi, nyingine ya Bibi, mama yake mzazi. Bibi ndiye aliyemfundisha Mama Fundi kushona. Lakini siku hizi mishono ya Bibi ilikwenda kombo.

"Mama! Mkono wa kushoto umeushona kulia tena!" Mama Fundi alifoka. "Mteja huyu ni mtu, siyo kaa!"

"Basi, mwanangu. Nitafumua."

"Usifumue! Usiguse! Utaharibu zaidi."

Bibi aliweka mkasi mezani taratibu, akatoka. Chakula cha usiku hakukimaliza. Asubuhi Kidomo alimsikia akiongea na mjomba kwenye simu. "Jumapili njoo unichukue. Hapa nimekuwa mzigo."

Kidomo alikimbia kumwambia mama yake. Mama Fundi aliinamia cherehani. Mguu uliendelea kukanyaga pedali, lakini chini ya sindano hapakuwa na kitambaa.

"Hizi hasira zangu," alisema mwishowe. "Nesi alisema yoga hutuliza. Naanza leo."

Nesi alikuwa jirani yao. Akitoka kazini zahanati, jioni alifundisha yoga katika ukumbi wa mtaa. Mama Fundi aliwahi kwenda mara moja. Aliona watu wameinama, wanagusa vidole vya miguu. Akaona inatosha, ameelewa.

Basi akatandika mkeka, akaketi, akanyoosha miguu.

"Kidomo, shika tepu. Pima kutoka mkononi hadi mguuni."

"Imebaki nafasi ya inchi tisa, Mama."

"Nyingi! Gauni likizidi tunapunguza. Na hii tutaipunguza."

Kila asubuhi walipima. Mama Fundi alibana pumzi, akavuta, macho yakawa mekundu. Hasira hazikupungua hata kidogo. Ijumaa ikafika, na vidole bado vilikuwa mbali na vidole.

"Nikalie mgongoni."

"Mama, mimi siyo pasi."

"Kalia, nimesema!"

Kidomo akakalia. Mgongo ukalia ka! Mama Fundi naye akalia, tena kwa sauti kubwa kuliko mgongo.

Bibi alitokea mlangoni. Mama Fundi akamgeukia. "Umekuja kunicheka, Mama?"

Bibi hakucheka. Mikononi alikuwa na beseni la maji ya moto na taulo. Aliviweka chini karibu na mkeka, akaondoka.

Jioni Nesi alikuja. Alimkagua mgongo, akamwuliza kama miguu ina ganzi.

"Haina."

"Vizuri. Msuli umevutika tu. Ukipata ganzi, au mguu ukikosa nguvu, nenda hospitali mara moja. Sasa niambie, nani alikukalia?"

Kidomo akaanza kukagua dari.

"Yoga imenishinda," Mama Fundi alisema.

"Hujaianza bado."

"Mgongo umekatika na sijaanza?"

"Ulijikunja tu, dada. Hata kitambaa hujikunja." Nesi akaketi kando yake. "Yoga ilianza India, zamani sana. Neno lenyewe lina maana ya kuunganisha. Mwili, pumzi na akili vinakaa pamoja. Wewe je? Mwili umeinama, pumzi umeibana, akili iko kwenye tepu."

"Kuunganisha," Mama Fundi alirudia. "Kama kushona."

"Kama kushona. Na kabla ya kunyoosha viungo, kuna jambo linatangulia. Usidhuru. Usijidhuru, na usimdhuru mwenzako. Kwa mkono wala kwa mdomo."

"Hata kwa mdomo?"

"Hasa kwa mdomo. Kuna kusema kweli pia. Kuna kuridhika na hapo ulipofika leo. Yote hayo ni yoga. Kuinama ni sehemu tu."

"Lakini si ni dini ya watu?" Kidomo aliuliza.

"Kwa wengine imo ndani ya dini yao. Wengine wengi wanatafuta utulivu na afya, na imani zao wanabaki nazo. Hakuna wa kumlazimisha mwenzake."

"Na asiyefikia vidole?" Mama Fundi aliuliza.

"Anaweza kuwa mbele yako sana. Wengine wanafanya wakiwa kwenye kiti. Hebu vuta pumzi polepole kwa pua. Itoe polepole zaidi. Hasira ikija, fanya hivyo kwanza, kisha tazama kilicho mbele yako."

"Kidomo asinipimie?"

"Kidomo akapike."

Kesho yake Mama Fundi aliamka akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Alipoingia chumba cha kazi alimkuta Bibi kwenye cherehani. Bibi alitaka kumpunguzia kazi. Alikuwa ameshona gauni la bibi harusi, na mkono mmoja ameuweka nje ndani.

Uso wa Mama Fundi uliwaka. Kidomo akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

Mama Fundi akafungua mdomo. Akaufunga. Akavuta pumzi kwa pua, akaitoa polepole. Akafanya tena. Kisha akatazama kilicho mbele yake. Hakutazama mshono. Alimtazama mama yake.

Bibi alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia sindano. Uzi aliutafuta kwa kupapasa.

Mama Fundi akaketi kando yake. "Mama, tundu la sindano unaliona?"

Bibi aliuachia uzi. "Silioni," alisema. "Siku nyingi silioni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesema, ungeninyang'anya cherehani."

Machozi yalimlenga Mama Fundi. "Nilikunyang'anya kabla hujasema. Nisamehe, Mama. Nimekuumiza kwa mdomo wangu."

Bibi alimshika mkono. Kisha wakafumua ule mkono wa gauni pamoja. Mmoja alikata uzi, mwingine akavuta.

Jumapili mjomba alifika akihema. "Mama, uko tayari?"

"Tayari kwa lipi?"

"Si uliniita nikuchukue?"

"Kesho dada yako ananipeleka kwa daktari wa macho. Wewe kula, kisha rudi kwako. Na utembee polepole, unahema kama pasi ya mkaa."

Daktari alimpa Bibi miwani. Sasa Bibi anashona vifungo na mapindo, tena humcheka Kidomo anayejifunza kushona. Mama Fundi bado hasira humpanda. Ila husimama kwanza, akapumua. Kila jioni yeye na Bibi huketi ukumbini kwa Nesi, Bibi kwenye kiti. Vidole vya miguu Mama Fundi hajavigusa mpaka leo, wala hana habari navyo.

Siku ile ya kwanza ya miwani, Bibi alimtazama bintiye muda mrefu.

"Kumbe una mvi, mwanangu."

"Zipo siku nyingi, Mama."

"Sogea nizione vizuri."

Mama Fundi akasimamisha cherehani. Akainamisha kichwa, akakiweka mikononi mwa mama yake.