Ng'washi Ana Miaka Saba

Kila asubuhi Kashindye alikaanga samaki wa kuuza, sangara, karibu na kivuko cha Kigongo. Binti yake, Ng'washi, alipanga vipande kwenye sinia. Ng'washi alikuwa mdogo wa umbo, lakini alikuwa ametimiza miaka saba.

Januari 1995, Kashindye alimpeleka shuleni kuandikishwa.

"Pitisha mkono juu ya kichwa," mwalimu alimwambia mtoto. "Shika sikio la upande wa pili."

Ng'washi alijaribu. Vidole havikufika.

"Bado huyu. Mlete mwakani."

Nyumbani, mume wa Kashindye, Josephat, alikubaliana na mwalimu. "Akae amlee mdogo wake."

"Hakai," Kashindye akajibu.

Alikwenda kwa jirani yake, Mama Paskazia, mzee wa Kihaya aliyefundisha chekechea miaka mingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekasirika?"

Kashindye akamweleza.

"Mkono mfupi haumzuii mtoto kusoma," Mama Paskazia alisema. "Tazama anayoyaweza. Anavaa mwenyewe? Anakwenda chooni peke yake?"

"Ndiyo."

"Ukimtuma vitu viwili, anakumbuka?"

"Hata vitatu!"

"Anacheza vizuri na wenzake? Anabaki bila wewe?"

"Nikienda mnadani Usagara, halii kabisa."

"Basi yuko tayari. Umri wake umeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Ichukue, urudi shuleni."

Kesho yake Kashindye alisimama na Ng'washi mbele ya meza ya mwalimu.

"Mama, nilisema mwakani."

"Nilisikia. Lakini leo siondoki." Akaweka kadi mezani. "Soma tarehe hiyo. Kisha zungumza na mtoto mwenyewe."

Wazazi waliokuwa kwenye foleni waligeuka kutazama. Mwalimu aliisoma kadi, akamgeukia mtoto.

"Unaitwa nani?"

"Ng'washi Josephat. Nakaa Kigongo. Baba analima pamba. Na wewe unaitwa nani?"

Wazazi wakacheka. Mwalimu naye akacheka. Akafungua daftari, akaandika jina.

Mwezi wa Novemba ilikuja barua fupi kutoka kwa shangazi aliyekaa Geita. Josephat hakujua kusoma. Siku zote alitafuta mtu wa kumsomea. Safari hii Ng'washi aliichukua barua. Alisoma polepole, neno kwa neno. Alipokwama, alianza upya.

Alipomaliza, baba yake alimsogelea.

"Soma tena," akasema. Kisha akamtazama mkewe. "Mama Ng'washi, ulifanya vizuri kukataa."

"Na ningekataa tena," Kashindye akajibu.