Ukuta wa Usumba

Mwaka 1943, katika joto la kaskazi, Mwanasaumu alikuwa akikalia eda ya mumewe chini ya paa la nyumba ya mkwewe, Likoni. Vita vilikuwa vimeleta wafanyakazi wengi bandarini, naye mkwewe, Bi Mwanatatu, alikuwa amepangisha vyumba vyote vya chini. Mjane akapandishwa darini, palipokuwa pakiwekwa nazi, akaambiwa kwamba chumba kitamaliziwa naye akiwamo.

Mabati yalimchoma tangu saa tatu za asubuhi. Njia ya kivukoni ilivuma kwa wachuuzi, mikokoteni na malori ya jeshi. Yeye, aliyejifunga kaniki za msiba, hakuruhusiwa hata kuchungulia.

Ukuta wa nje ulikuwa safu mbili za fito, na baina yake fundi, akiwa juu ya jukwaa huko nje, alishindilia usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, ili kuzuia joto, kisha aupige lipu ya chokaa. Alianzia chini. Asubuhi ya kwanza mkono wake ulipenya kati ya fito, ukagusa mtungi wa maji.

"Fundi, mtungi huo una mwenyewe."

Mkono ukarudi mbio. "Lahaula! Nilidhani darini mna panya tu."

"Basi panya anakusalimu."

Fundi akacheka hadi jukwaa likatikisika. Jina lake lilikuwa Ishaka. Mwanasaumu aliona kikoi kilichotapakaa chokaa na vidole virefu. Ishaka, aliyetazama kiza kutoka juani, hakuona chochote. Alisikia sauti tu, na sauti ikamtosha.

"Wanizika hai, fundi," alisema siku ya tatu, usumba ulipomfika kiunoni.

"Nakupa kivuli, bibi. Wengine hulipia."

"Nami nalipa nini?"

"Niambie leo mmepika nini."

"Mchicha. Jana mchicha. Kesho, inshallah, mchicha."

"Wallahi, huo si msiba wa mtu mmoja!"

Bi Mwanatatu akaita kutoka ngazini, "Mwanasaumu! Wazungumza na nani?"

"Abee, mama! Nasoma."

"Soma polepole. Kitabu hicho chacheka."

Kila siku ukuta ulipanda shubiri moja na ushei. Siku ya tisa lilibaki tundu moja chini ya paa, la kupitisha kiganja tu. Mwanasaumu akapanda juu ya kasha, akaegemeza shavu kwenye fito.

"Ishaka, sikiliza. Mdogo wa marehemu ataka kunirithi niwe mke wa pili. Nikikataa, sina pa kulala. Ami yangu Mwidani, huko Shika Adabu, ana watoto tisa katika vyumba viwili. Mama mkwe ataka jibu, nami nimemwahidi kumpa siku nitakayotoka edani." Akasogeza mdomo tunduni. "Wewe ungeniacha niolewe?"

Jibu lilikuwa ulimini mwa Ishaka. Lakini mwanamke aliye edani haposwi, na neno lolote ambalo angelitamka wakati ule lingalikuwa posa. Alisimama juu ya jukwaa, bonge la usumba mkononi, jasho likimtiririka. Kisha akalishindilia tunduni.

Kiza kikashuka. Siku mbili Mwanasaumu alisikia mwiko ukipiga lipu, ukilainisha, ukipapasa upande wa pili wa shavu lake, neno hakulisikia. Siku ya tatu hata mwiko haukusikika. Chumba kilikuwa baridi kama alivyoahidiwa, na kimya hata honi za malori hazikupenya. Aligonga ukuta kwa ngumi. Usumba ukameza mlio.

"Ahsante kwa kivuli," akauambia ukuta, akalia.

Siku thelathini na nane alikaa humo, akijizoeza kutamka "nimekubali" bila ya sauti kukatika.

Siku ya kutoka edani alioga, akavaa kanga mpya za rangi ya zabibu, akateremka ngazi. Bi Mwanatatu alikuwa amekwisha kutandika jamvi kwa ajili ya mwanawe, atakayekuja baada ya adhuhuri. Kabla hajaketi, hodi ikapigwa. Alikuwa ami Mwidani, na nyuma yake mwanamume mwenye kanzu iliyopigwa pasi na chokaa kuchani.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Huyu amenigongea mlango kabla ya alfajiri. Ataka kukuoa. Nimemwambia mjane huulizwa mwenyewe."

Mwanasaumu alivitambua vidole. Akavuta ushungi. "Fundi huyu hana ulimi, ami. Nilimwuliza neno, akaniziba kwa makumbi."

"Ulikuwa edani," alisema Ishaka. "Ningelisema nini?"

"Sheria naijua. Ungalikohoa tu!"

"Kikohozi changu kingalikuwa posa. Nilihesabu siku, Mwanasaumu. Nisingekuacha. Nina chumba kimoja huko Mtongwe, nacho kina madirisha mawili."

Ami Mwidani akatazama dari ili asicheke. Bi Mwanatatu hakucheka. "Ulinipa ahadi," alisema. "Mwanangu yu njiani."

Mwanasaumu akapiga magoti, akaubusu mkono wa mkwewe, akainuka bila ya kuuachia.

"Kweli, mama. Nina deni lako la jibu, na leo nalilipa. Kwa mwanao, la. Kwa huyu, naam."