Ukungu wa Zambarau

"Kaka! We kaka wa baiskeli! Unaondoka na kitambaa changu!"

Soko zima la vitambaa liligeuka. Binti mshona mapazia alikuwa anang'ang'ania jora la zambarau kwa mikono miwili, na ncha yake imeshaingia kwenye mnyororo wa baiskeli ya kijana mmoja aliyekuwa anajipenyeza kati ya watu. Kijana akafunga breki. Kaptula ya mifuko mingi, miguu yote vumbi, kamera kifuani kama mtoto mchanga.

"Samahani, dada. Mnyororo wangu una njaa."

"Si uulishe grisi! Unakula vitambaa vya watu?"

Watu wakacheka. Kijana akainama, akakinasua taratibu mpaka vidole vikawa vyeusi tii. Alipoinua macho, binti akajikuta anaangalia chini, anatafuta sindano ambayo wala haikuanguka.

Basi ndiyo ikawa. Kijana alijulikana kama Pedali, maana kazi yake ilikuwa kuzunguka milimani na mabondeni kwa baiskeli akipiga picha. Naye akambatiza binti jina la Sindano. Kile kipande kilicholiwa na mnyororo Sindano alikipunguza, akakipinda, kikawa mtandio. Simu nazo zikawa haziishi.

"Umelala, Sindano?"

"Nitalalaje, na wewe unapiga kila saa?"

"Niko kwenye mteremko mkali, nimekukumbuka."

"Mwongo! Umekumbuka breki."

Shangazi, mwenye duka la mapazia, alisikiliza yote hayo pini zikiwa mdomoni. "Mwanangu," akasema siku moja, "mwanaume wa milima anapenda kutazamwa akiwa juu. Shauri yako."

Sindano akacheka tu. Penzi halisikii la mwadhini wala la mnadi swala. Akajifunza baiskeli, akaanguka, akachubuka magoti, akajua. Jumapili moja Pedali akampeleka mlimani. Walipofika kileleni miguu ilikuwa inatetemeka, lakini chini yao bonde lilikuwa limejikunja kama marinda ya pazia jipya. Pedali akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akasubiri jua litoke. Akasubiri weee, mwisho akajilaza kwenye nyasi, kofia usoni, anakoroma.

Hapo ndipo wingu lilipopasuka. Mwanga ukashuka bondeni mkunjo kwa mkunjo, mpaka mto ukawaka. Kumwamsha? Mwanga utaondoka! Sindano akabonyeza. Na papo hapo upepo ukaurusha mtandio mbele ya lenzi.

"Amka! Nimepiga, ila nimeharibu. Mtandio umeingia!"

Pedali akakitazama kioo cha kamera. Akaikuza picha, akaitazama tena. "Kweli, imeharibika. Nitaifuta, mpenzi, usijali."

Sindano akateremka mlima akiimba.

Pedali alipopata ukumbi wa maonyesho, mapazia yote meusi ya ukumbi ule aliyashona Sindano. Siku yenyewe akavaa gauni la kijani lenye kiuno chembamba, akaingia moyo ukimdunda kwa fahari. Watu walikuwa wamejazana mbele ya picha moja kubwa kama mlango.

"Oneni ukungu ule pembeni!" alisema mzee mmoja wa miwani. "Wa zambarau! Sijaona maishani mwangu."

Sindano alitaka kucheka. Kisha akaona kibandiko cha dhahabu: picha bora kuliko zote. Na chini yake, jina la Pedali. Peke yake.

"Ule si ukungu," alinong'ona. "Ule ni mtandio wangu."

Pedali alimwona toka mbali. Aliuona na mdomo unavyofunguka. Akaja mbiombio, akapiga goti moja, akatoa pete. "Jamani, huyu ndiye moyo wangu! Sindano, utakubali nikuoe?"

Makofi! Vigelegele! Simu zikainuliwa juu. Sindano akainama mpaka sikioni kwake.

"Sema kwanza nani kaipiga ile."

"Tutaongea nyumbani, mpenzi. Watu wanatuangalia."

"Ndiyo maana useme sasa."

Pedali akabaki anatabasamu, meno tu. Sindano akatoka, akapanda baiskeli yake. Hata kona ya pili hajafika, simu ikalia.

"Rudi, mama. Nilipitiwa. Walivyoisifu, nikashindwa kusema nilikuwa nimelala."

"Ungesema tu! Mimi ningekuwa wa kwanza kukupigia makofi."

"Nitasema. Haki ya Mungu, nasema sasa hivi mbele ya wote. Usikate, sikiliza mwenyewe."

Sindano akashuka. Moyo bwana, mjinga huyu! Ulishaanza kulainika, na baiskeli ilishaanza kugeuzwa. Akaibana simu sikioni. Akasikia viatu, glasi, halafu sauti ya yule mzee wa miwani:

"Enhe, kijana, tuambie. Ukungu ule uliupataje?"

Sindano akazuia pumzi. Sema, mpenzi wangu. Sema.

"Kwa kweli, mzee," Pedali akakohoa kidogo, "niliamka mapema sana. Nilikuwa peke yangu kule juu."

Na alijua anasikilizwa.

Sindano hakukata. Aliiweka simu kwenye kikapu cha baiskeli ikiwa bado inaongea, inalisifu bonde, akaanza kuikokota baiskeli kwa mkono, maana kwa machozi yale barabara ilikuwa haionekani.